Namba Iliyotangazwa Tasa

Machi 4

Leo Mama Baki ameingia darasani kwangu bila hodi. Tangu nianze kazi chini yake hajawahi kufanya hivyo. Yeye ni mtu wa kusimama mlangoni mpaka umalize sentensi yako. Mkononi alikuwa na karatasi iliyolowa pembe moja.

"Sifuri," alisema.

Wanafunzi walidhani wamefeli jaribio. Mimi nilielewa, na chaki ikanidondoka.

"Umeiona mwenyewe, Mwalimu?"

"Nimeiona. Waya ameiona. Njoo na wewe uione."

Tulivuka uwanja mbio, mvua ikitupiga, mkuu wa idara ya hesabu na mimi, viatu mkononi. Jina la Mama Baki wamempa wanafunzi hapa chuoni, kwa sababu akigawa namba yoyote ubaoni hafuti mpaka aambiwe baki. Waya ni fundi wa maabara ya kompyuta. Tangu muhula uliopita sisi watatu tumeipa kompyuta moja kazi moja tu: ituambie kama namba fulani ni tasa, yaani haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe.

Namba yenyewe ni kubwa mno. Chukua mbili, izidishe kwa mbili, tena kwa mbili, mamilioni ya mara, kisha utoe moja. Ukitaka kuiandika yote utajaza kabati zima la vitabu. Kuijaribu kwa kuigawa kwa kila namba huwezi, utazeeka na watu watakuzika. Lakini namba za aina hii zina kipimo chao. Unaanza na nne. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unagawa kwa namba yako kubwa na kushika baki. Baki hiyo nayo unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unagawa, unashika baki. Unarudia hivyo mamilioni ya mara. Mwisho wa safari, baki ikiwa sifuri, namba ni tasa. Ikiwa kitu kingine chochote, si tasa.

Kwenye kioo kulikuwa na sifuri moja, peke yake, katikati ya weusi. Waya alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Mama Baki aliigusa sifuri ile kwa kidole kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.

Mwisho wa muhula huu anastaafu. Amefundisha hesabu za watu wengine maisha yake yote.

Machi 5

Mvua kutwa. Nilifundisha ubao, si wanafunzi. Akili ilikuwa maabara.

Machi 8

Amewaambia redio.

Nilimkuta ofisini akiwa ameshapiga simu, uso unang'aa. Nilimwambia, "Mwalimu, si tulisema tutahakiki kwanza? Kompyuta nyingine, kutoka mwanzo."

"Tutahakiki, mdogo wangu. Lakini kuhakiki ni kazi ya wiki na wiki, na mimi wiki nilizobakiza ni za kuhesabu vidoleni. Acha niionje."

Sikubisha. Nilimpenda jinsi alivyokuwa.

Habari ilisomwa wakati tunakula. Tulikuwa watatu mezani: mimi, mume wangu, na mama yake. Mume wangu ni mpima ardhi, na mvua ikinyesha vyombo vyake vinabaki kabatini naye anabaki nyumbani. Mama mkwe alikuja kwetu mwezi uliopita, ukuta wa nyumba yake ulipoanguka, na alikuja na cherehani yake kichwani kwa mchukuzi kana kwamba ndiyo mgonjwa wanayempeleka hospitali.

"Chuo chetu kimegundua namba tasa kubwa," redio ilisema.

Mama mkwe aliinua kichwa. "Tasa? Hata namba nazo?"

Mume wangu alikohoa. Mimi niliendelea kutafuna kitu ambacho nilikuwa nimeshakimeza.

Huu ni mwaka wa nane wa ndoa yetu na nyumba haina mtoto. Mama mkwe hajawahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Leo amelitamka, na ingawa alikuwa anaisema namba, nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Machi 11

Pongezi tupu. Mkuu wa chuo amenishika mkono kwa mikono miwili. Hafla ya kumuaga Mama Baki sasa itakuwa hafla ya namba. Kitambaa kikubwa kitatundikwa ukumbini.

Machi 16

Nimeketi na kalamu muda mrefu sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye cherehani.

Leo mama mkwe alikuwa anashona sare za watoto wa jirani, nami nashikilia kitambaa kisiburute. Akawa analalamika kwamba kazi imechelewa. "Siku ile uliyorudi umelowa unacheka peke yako," alisema, "ndiyo iliyoniponza. Radi ilipiga, umeme ukaenda zake, cherehani ikanyamaza katikati ya kola. Nikazungusha kwa mkono mpaka bega likasema basi."

"Ilikuwa kabla sijarudi, mama?"

"Kabla, sana. Mchana. Ulirudi umeme umesharudi zamani."

Nyumba yetu na chuo tunakula umeme wa laini moja. Darasani mchana hatuwashi taa, nisingeweza kujua. Lakini kompyuta ya maabara ingejua.

Ipo betri ya akiba chini ya meza ya Waya, ya kuishika kompyuta umeme ukikatika. Kama ilishika, hakuna neno. Kama haikushika, huenda kompyuta ilizimika ghafla palepale mwisho wa safari, hatua ya mwisho imeshahesabiwa lakini baki yake haijaandikwa, nayo ikamwagika. Na mtu akiiwasha tena, yenyewe itaangalia hesabu ya hatua, itaona zimekwisha, itasoma mahali baki ilipopaswa kuwa, na pale ni patupu.

Kompyuta ikisoma patupu huandika sifuri.

Nilishikilia kile kitambaa mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimesinzia.

Machi 17

"Betri ilishika," Waya alisema, kabla sijamaliza swali.

Nilimuuliza kama kuna nakala za akiba za kazi ile, turudie kipande cha mwisho tu. Akasema alizifuta wiki ileile, alihitaji nafasi ya mitihani. Zote. Wakati wote huo alikuwa anaviringisha waya mmoja kidoleni, anaufungua, anauviringisha.

Nyumbani nilimsimulia mama mkwe, kwa sababu mume wangu alikuwa ametoka na mimi nilikuwa nimejaa. Nikasema, huyu fundi ana kitu anaficha.

"Mficha uchi..." alianza, akakatiza hapohapo. Sote wawili tulijua methali inaishia wapi. Aliinamia cherehani akatafuta tundu la sindano kwa muda mrefu kuliko linavyotafutwa.

Machi 18

Nilimwambia Mama Baki.

Nilijiandaa njia nzima, lakini maneno yalitoka vibaya. Nilisema, "Mwalimu, sifuri ziko mbili. Kuna inayotokana na hesabu na kuna ya mahali patupu. Kwenye kioo zinafanana."

Alivua miwani. "Unataka kuniambia nimetangaza utupu redioni?"

"Sijui. Inaweza kuwa tasa kweli. Radi haiwezi kubadilisha namba. Lakini hatujui, na tumesema tunajua."

"Waya anasema betri ilishika."

"Anasema."

"Na wewe unamwamini nani? Cherehani?"

Alinitazama hivi kwamba nilijiona tena msichana aliyekuja kuomba kazi akiwa na gauni la kuazima.

"Nenda kafundishe," alisema.

Machi 19

Ameniita asubuhi. Hakunikaribisha kiti.

"Iweke hapa," alisema, akionyesha kompyuta mpya ya ofisini kwake, iliyo bora kuliko zote chuoni. "Kwa programu nyingine, isiandikwe na mtu yuleyule. Kutoka kwenye nne. Itamaliza kabla ya hafla?"

"Umeme ukitaka."

"Basi tuombe umeme."

Tumeanza. Kila baada ya wiki mbili, ile kompyuta ya maabara ilipokuwa inafanya kazi, tulichapisha tarakimu za mwisho za baki ilipofikia na kuzibandika ukutani. Karatasi hizo bado zipo. Sasa kila tutakapofika penye karatasi tutalinganisha. Zikifanana mpaka karatasi ya mwisho, tutajua kwamba mpaka pale safari ya kwanza ilikuwa salama, na shaka itabaki kwenye kipande cha baada ya hapo tu, kipande cha radi.

Machi 25

Karatasi ya kwanza. Imefanana.

Machi 27

Mvua imefanya barabara ya chuo kuwa mto. Wanafunzi wamevuka wameshikana.

Nimeanza kutafuta kigawo kwa njia yangu mwenyewe, kwenye kompyuta ya nyumbani. Kuthibitisha kwamba namba ni tasa ni kazi ya wiki, lakini kuikanusha kunahitaji kigawo kimoja tu. Na vigawo vya namba ya aina hii si vya ovyo ovyo. Leo niliwaonyesha wanafunzi: zidisha mbili kumi na moja zenyewe kwa zenyewe, toa moja, unapata elfu mbili na arobaini na saba. Inaonekana ngumu kama jiwe, lakini ni ishirini na tatu mara themanini na tisa. Toa moja kwenye ishirini na tatu, inabaki ishirini na mbili. Toa moja kwenye themanini na tisa, inabaki themanini na nane. Zote mbili zinagawanyika kwa kumi na moja. Ni sheria: kila kigawo lazima kibebe alama ya mzazi wake.

Kwa hiyo naruka ruka penye alama tu. Sijapata kitu. Kila nisipopata, nafurahi, halafu nakumbuka kwamba mimi ndiye ninayetafuta.

Aprili 1

Imefanana.

Aprili 4

Mkuu wa chuo ameniita. Anataka siku ya hafla nisimame pembeni ya Mama Baki niseme tumehakiki.

"Hatujahakiki, mzee."

"Mpaka siku hiyo mtakuwa mmehakiki."

"Na ikikataa?"

Alitabasamu. "Namba haikatai, mwalimu. Watu ndio wanaokataa."

Nikiingia chumba cha walimu mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa, na hali ya hewa haina jipya. Mwalimu wa jiografia ameniambia waziwazi: "Mama wa watu amebakiza kidogo kupumzika, unamtafutia nini?" Wananiita Mashaka. Walianza kwa siri, sasa hata chai wananipa kwa jina hilo.

Aprili 8

Imefanana. Mama Baki alibandua karatasi ukutani, akaikunja mara nne, akaitia mkobani.

Aprili 12

Leo sina kipindi. Mama mkwe alinitaka nimweleze, kwa lugha ya watu, hiyo namba ina nini. Nikachukua vifungo vyake vya nguo. Kumi na viwili: vipange mistari miwili, mitatu, minne, vinakubali. Kumi na vitatu: panga upendavyo, kimoja kinabaki nje au viwili vinapelea. Alipanga mwenyewe, akapangua, akapanga.

"Kwa hiyo hiki hakigawanyiki kwa mtu."

"Hakigawanyiki."

"Na kwa kutogawanyika ndiyo mkakiita tasa?"

"Hatukukiita sisi, mama. Ndiyo neno la shuleni."

"Aliyetoa jina hilo alikuwa mwanamume," alisema. "Mwanamke angekiita imara." Akavikusanya vifungo kwenye kiganja. "Siku ile ya redio nililitamka likaniuma ulimini. Nilitaka kukuambia toka siku hiyo. Nikaona nikianza kueleza nitaharibu zaidi. Huwa naharibu."

Mimi nilikuwa nimekaa naye wiki zote hizi nikisubiri aniseme. Kila alipofungua mdomo nilikuwa nimeshajibu moyoni. Leo nimeona ni mtu aliyekuwa anatembea ndani ya nyumba yangu kwa ncha za vidole.

Aprili 15

Imefanana. Tuko zaidi ya nusu. Umeme ulikatika mara mbili. Betri mpya imeshika mara zote mbili.

Aprili 19

Leo nimemdhania mtu ubaya, na nimeuandika hapa nisije nikausahau.

Mchana ilishuka mvua ambayo sijaiona msimu wote huu. Nilimaliza kipindi nikaenda ofisini kwa Mama Baki. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Kimya. Nikazunguka dirishani nikachungulia penye mwanya wa pazia: kioo cha kompyuta tu, cheusi. Kimezimwa.

Nilijisemea, ameizima. Imebaki kidogo, kila karatasi inafanana, na ameogopa mwisho. Akisema umeme uliiharibu, hafla itafika, tutasema bado tunahakiki, atastaafu na namba yake. Pale dirishani nilimwona akilini mtu ambaye sikuwahi kumjua. Nilirudi mlangoni nikaugonga kwa kiganja.

Akafungua. Alikuwa ameloa chapachapa, blauzi imemgandia, miwani ina matone. Katikati ya chumba, juu ya dawati, sanduku la kompyuta lilikuwa limefunikwa kwa koti lake la mvua, mikono ya koti imefungwa fundo chini. Dari lilikuwa limepasuka juu ya meza yake na maji yanamiminika kama bomba.

"Nilihifadhi kazi kwanza, kama ulivyonionyesha," alisema. "Nikasubiri iandike kwamba imehifadhi. Ndipo nikazima. Mlango nimeukomea, upepo ulikuwa unausukuma."

Nilichukua ndoo. Tukakinga maji.

Baadaye akasema, "Ulidhani nimeiua."

Sikujibu.

"Usinyamaze, si kosa. Jana nilikaa mbele yake nikafikiria. Ni waya mmoja tu pale nyuma. Nilinyoosha mkono mpaka nikaugusa."

"Ukaacha kwa nini, Mwalimu?"

Alikamua pindo la sketi. "Kwa sababu watu wangesahau, mimi nisingesahau. Ningekwenda kukaa nyumbani na swali, mdogo wangu, kila siku, mpaka kufa. Heri jibu baya."

Tuliibeba kompyuta wawili, koti juu, tukaihamishia stoo ya vitabu ambako dari ni zima. Ilipowaka ilianzia palepale ilipoachia.

Aprili 22

Imefanana.

Aprili 23

Waya alinisubiri kwenye korido. Hakuwa na waya mkononi, na bila waya hakujua mikono aiweke wapi.

Siku ile ya sifuri alipigiwa simu kwamba maji yanaingia kwake. Baba yake amepooza, analala kwenye godoro sakafuni. Alitoka maabara akakimbia. Alipofika maji yalikuwa yamegusa godoro. Akamnyanyua mzee, akampandisha mezani, akarudi chuoni mbio. Kompyuta ilikuwa imezimika. Betri ilikuwa imekufa zamani na hakuwa ameripoti. Akaiwasha, na kabla hajaelewa anachokiona Mama Baki akaingia.

"Alifurahi mno, mwalimu. Alinikumbatia. Sasa mimi ningesemaje? Nikasema labda ni kweli. Halafu ikaenda redioni, nikasema basi, imeshakuwa kubwa kuliko mimi."

"Twende ukamwambie."

"Atanifukuza."

"Twende."

Alimsimulia akiwa amesimama, macho sakafuni. Mama Baki alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mzee alilowa?"

"Hapana, mama. Nilimwahi."

"Basi la kwanza ulilifanya vizuri. La pili ndilo ulilolichelewesha." Akampa ufunguo wa stoo. "Kakae kwenye stoo uilinde hiyo nyingine. Umeme ukicheza, usitoke bila kuniambia. Ikihitajika kumnyanyua baba yako, nitakwenda mimi."

Kwa hiyo sifuri ya kwanza haikuwa ushahidi wa chochote. Lakini haikuwa ushahidi wa uongo pia. Namba bado inaweza kuwa tasa. Nimejikuta nikiitaka iwe tasa kwa nguvu ambayo inanitia aibu.

Aprili 29

Karatasi ya mwisho ukutani. Imefanana. Kuanzia hapa hatuna cha kulinganisha.

Aprili 30

Mvua. Siwezi kula.

Mei 2

Kitambaa kimetundikwa ukumbini. "Namba Yetu Tasa," herufi nyekundu.

Mei 5

Tulikuwa watatu kwenye stoo, tumekaa juu ya marundo ya vitabu vya zamani, mvua ikipiga bati. Hatua za mwisho zilipita upesi kuliko nilivyotegemea. Nilitaka kusema ngojeni, na hapakuwa na wa kumwambia.

Kioo kikajaa tarakimu.

Hazikuwa sifuri. Zilikuwa mstari juu ya mstari, za kila aina, zinamiminika kama mchwa waliobomolewa kichuguu. Waya aliketi sakafuni. Mimi nilihisi machozi yanashuka na sikuyafuta, mimi niliyekuwa Mashaka, niliyeitafuta siku hii tangu Machi.

Mama Baki alisogea karibu. Alizisoma tarakimu za mwanzo kwa sauti, moja moja, polepole, kama anayeita wanafunzi waliohamia shuleni. Saba. Mbili. Mbili. Tisa. Alisoma mpaka sauti ikamkatika.

"Zinaridhisha," alisema. "Hizi zimefanyiwa kazi."

Nilimweleza Waya, aliyekuwa ananitazama, kwamba hii ndiyo maana yake: namba inagawanyika. Ina vigawo. Ni vipi, hatujui. Kipimo kinakuambia kwamba vipo na hakikuambii jina hata moja.

Mei 6

Mkuu wa chuo ametusikiliza, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu, na wewe," Mama Baki alisema.

"Basi tufanye hafla. Wageni wameshaalikwa. Masahihisho yatafuata, taratibu, mwezi ujao, watu wakiwa wametulia."

"Wageni wanakuja kwa ajili ya namba, mzee. Nitawalisha nini?"

"Mwalimu, nakulinda wewe."

"Najua," alisema Mama Baki. "Asante. Usinilinde."

Mei 9

Hafla.

Ukumbi ulijaa. Mume wangu alikuja, na mama mkwe amevaa nguo aliyoishona kwa siku hii. Kitambaa chenye herufi nyekundu kilikuwa palepale. Niliombwa kusimama pembeni ya Mama Baki, nikasimama, ingawa hakuwa ameniambia atasema nini.

Alishika kipaza sauti kama chaki. "Mmeitwa kuja kushangilia namba tasa," alisema. "Si tasa. Tumeihakiki kutoka mwanzo, na imebakiza. Aliyeitangaza kabla ya kuhakiki ni mimi. Si idara, wala si maabara. Niliona ninachokitaka nikakimbia nacho. Aliyenizuia nisiondoke nacho ni huyu hapa, na nilimfukuza ofisini kwangu kwa sababu hiyo. Nimemaliza."

Nilisikia gesi ya soda ikitoka. Mkuu wa chuo alitazama viatu vyake. Kisha mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, msichana asiyeuliza maswali darasani, akanyoosha mkono katikati ya aibu yote ile.

"Sasa inagawanyika kwa ngapi, mwalimu?"

"Sijui," Mama Baki alisema. "Hakuna anayejua. Ukipata, niambie."

Watu wachache walipiga makofi, wengine wakawatazama waliopiga. Mkuu wa chuo aliondoka chakula hakijafunuliwa. Waya alipanda ngazi akakishusha kitambaa, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, asijue ampe nani.

Kwenye lango mama mkwe alimshika Mama Baki mkono na kukataa kuuachia. Wanazungumza lugha moja hao, ya wanawake wasiojua kuomba radhi mara mbili.

Mei 10

Mwalimu wa jiografia amenipa chai kwa jina langu. Nimeipokea.

Mei 12

Leo hakuna mvua. Redio iliahidi kusoma masahihisho kwenye habari za mchana. Mama mkwe aliniambia asubuhi, "Mlete huyo mwenzio. Mtu asikae peke yake kusikiliza aibu yake."

Mama Baki akaja. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, mkoba mapajani kama yuko hospitali anasubiri kuitwa. Mume wangu alikuwa anapangusa vyombo vyake vya kupimia, kesho anarudi kazini. Zilisomwa habari za barabara, za bei, za mpira. Kisha mtangazaji akasema, haraka, kama anayemeza dawa chungu:

"Na masahihisho. Namba kubwa iliyotangazwa hivi karibuni kuwa ni tasa, wataalamu sasa wamebaini kwamba kumbe ni namba shufwa. Tunaomba radhi."

Tukatazamana.

"Shufwa?" alisema Mama Baki.

"Amesema shufwa," nilisema.

"Namba iliyotokana na kuzidisha mbili, ukatoa moja! Itakuwaje shufwa, ya kugawanyika kwa mbili? Hiyo ni witiri! Hata mtoto wa darasa la tatu..." Hakumaliza. Kitu kilimpanda kutoka tumboni, mabega yakatikisika, na akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Alicheka mpaka mkoba ukaanguka, akashika ukuta, nasi tukacheka naye, mume wangu na kitambaa chake mkononi, mama mkwe asiyejua shufwa ni nini akicheka kuliko wote. Halafu kicheko cha Mama Baki kikageuka kilio, palepale, bila kupumzika katikati. Alilia kwa sauti. Hatukumwambia anyamaze. Mama mkwe alisogeza kiti chake karibu na chake, akakaa.

Alipomaliza alijifuta uso kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaniomba simu. Nikampigia namba ya redio, nikamkabidhi. Alisubiri, mgongo umenyooka.

"Mwanangu," alimwambia mtangazaji, "hujambo. Mimi ndiye niliyekosea mwanzo, na wewe umekosea sasa, kwa hiyo tuko sawa. Una kalamu hapo? Ichukue. Tutaanza na maana ya witiri."